Kutoka Entebbe hadi Abu Simbel: Safari ya Kikundi katika Miji ya Kale ya Misri

Kikundi chetu kilikuwa na watu wa kila namna: walimu wa sekondari kutoka Kampala, wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla wa Kampala, mzee mstaafu wa Jinja aliyefanya kazi katika kituo cha umeme cha Nalubaale, na Hajjat mmoja wa Bombo ambaye sote tulimwita Mama. Kwa kuwa lugha za nyumbani kwetu ni nyingi, tangu mikutano ya maandalizi tulikubaliana kuzungumza Kiswahili, nami nikaombwa niandike kila jioni yale tuliyoyaona. Tuliichagua Misri kwa sababu ya Mto Nile. Sisi tunauona mto huo ukitoka ziwani pale Jinja, na tulitaka kujua watu wa upande wa chini wameufanyia nini, na mto wenyewe umewafanyia nini, kwa muda wa miaka elfu tano.

Jumamosi: Entebbe na Cairo

Tuliondoka Kampala Ijumaa jioni mapema kwa kuhofia msongamano wa Barabara ya Entebbe. Uwanjani, ofisa aliyekagua hati zetu aliomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla ya kutazama viza, na ninalitaja jambo hili kwa sababu msafiri anayetoka Uganda bila kadi hiyo anaweza kuzuiwa hata kama hati zake nyingine zimekamilika. Ndege ilikwenda moja kwa moja kwa muda wa saa tano hivi, na tulipotua tulirudisha saa zetu nyuma kwa saa moja. Waliokaa dirishani waliuona mto kulipopambazuka, ukanda mwembamba wa kijani uliobanwa na jangwa pande zote mbili, na kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini karibu watu wote wa Misri wanaishi kando ya maji hayo.

Baada ya kupumzika tulipandishwa hadi ngome ambayo Sultani Salahuddin alianza kuijenga mwaka 1176. Juu yake umesimama Msikiti wa Muhammad Ali, uliojengwa kati ya 1830 na 1848, na uani kuna mnara wa saa ulioletwa kutoka Ufaransa. Mwongoza watalii alieleza mambo ya usanifu kwa ufasaha, lakini kwa Mganda jengo hilo lina habari nyingine, na nilifurahi kwamba walimu wetu waliijua. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, ndiye aliyeivamia Sudan kuanzia 1820, akitafuta dhahabu na watu wa kuwafanya askari. Mjukuu wake, Khedive Ismail, alimtuma Mwingereza Samuel Baker kuelekea kusini mwaka 1869, na mwezi Mei 1872 Baker alitangaza pale Masindi kwamba ufalme wa Bunyoro sasa ni mali ya Misri, tangazo ambalo mfalme wake, Omukama Kabalega, alilijibu kwa vita mpaka Baker akarudi nyuma. Baadaye Emin Pasha alitawala jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri, na askari wake waliobaki karibu na Ziwa Albert walichukuliwa na Mwingereza Lugard mwaka 1891 na kuletwa Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo, Arua, na miji mingine yetu.

Mama alisimama ukutani, akatazama jiji lililotanda chini, akasema, "Kwa hiyo amri ilitokea hapa." Hakuongeza neno, na hatukumsumbua.

Jumapili: Giza

Kuhusu piramidi za Giza yameandikwa mengi, nami nitasema machache. Piramidi ya Khufu ilikuwa na urefu wa mita 146 ilipokamilika, takriban miaka 2,560 kabla ya Kristo, na inakadiriwa kuwa ina mawe milioni 2.3. Ukubwa wake hauonekani kwa mbali. Huonekana unaposimama kando ya jiwe la safu ya chini kabisa na kukuta kwamba linakufikia kifuani, kisha ukayatazama mengine yakipanda mpaka shingo inauma. Wenye ngamia na farasi walitufuata kwa bidii, na yeyote asiyetaka kupanda anashauriwa kukataa kwa upole mara moja na kuendelea kutembea.

Kitu ambacho ratiba yetu haikukipa nafasi ni makaburi ya wajenzi yaliyogunduliwa mwaka 1990 upande wa kusini. Mwongoza watalii aliyataja kwa sentensi moja tukiwa ndani ya basi. Naona ni hasara, kwa sababu makaburi hayo ndiyo yaliyowaonyesha wachunguzi kwamba wajenzi walizikwa kwa heshima karibu na mfalme wao, pamoja na mikate na pombe kwa ajili ya safari ya ahera, na hivyo yakaidhoofisha sana ile habari ya zamani kwamba kazi yote ilifanywa na watumwa waliochapwa viboko.

Mchana tulikuwa katika Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Sanamu ya Farao Ramesses II yenye urefu wa mita 11 humpokea mgeni mlangoni, na hazina ya Tutankhamun, vitu zaidi ya 5,000, sasa imewekwa mahali pamoja. Mimi nilikaa zaidi mbele ya mashua ya Khufu, ya mti wa mwerezi, yenye urefu wa mita 43. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, kama majahazi ya mtepe ya pwani yetu ya Afrika Mashariki yalivyoshonwa. Ilifukuliwa karibu na piramidi mwaka 1954, na mzee wa Jinja alipousoma mwaka huo alisema kwamba ndio mwaka Malkia Elizabeth II alipofungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale.

Jumatatu: Cairo ya kale

Hii ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote za Cairo, na kama kikundi kingine kitaniuliza, nitawaambia waipunguze Giza na wauongeze mji huu.

Tulianza kusini, katika mabaki ya ngome ya Kirumi iitwayo Babylon. Kanisa la Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, linaloitwa Kanisa Linaloning'inia lilijengwa juu ya lango la ngome hiyo, na ndani yake kuna sehemu ambapo sakafu imewekwa kioo ili mgeni aone nafasi iliyo chini. Hatua chache kutoka hapo kuna Sinagogi ya Ben Ezra, ambamo karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika vilitolewa mamia ya maelfu ya vipande vya karatasi vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa karibu miaka elfu moja: barua za wafanyabiashara, mikataba ya ndoa, madai ya madeni, orodha za bidhaa kutoka India. Wafanyabiashara wetu wa Kikuubo waliuliza maswali mengi hapo kuliko mahali pengine popote. Mmoja alitaka kujua kama barua hizo zinalalamikia mizigo iliyochelewa, na mwongoza watalii akajibu kwamba malalamiko hayo ni mengi sana.

Karibu na hapo ndipo jemadari Mwarabu Amr ibn al-As alipoweka kambi yake ya Fustat mwaka 641 na kujenga msikiti wa kwanza wa Misri. Msikiti wa sasa umejengwa upya mara nyingi. Ule wa Ahmad ibn Tulun, uliojengwa kati ya 876 na 879, umebaki karibu kama ulivyokuwa, ingawa mji wa mtawala huyo ulioitwa Al-Qata'i ulibomolewa mwaka 905 na msikiti pekee ukaachwa. Umejengwa kwa matofali yaliyopakwa lipu, na uzuri wake wote umo katika lipu hiyo. Nilisimama chini ya tao moja kwa muda mrefu. Upande wa ndani wa tao umechongwa majani na vifundo vilivyoshikana, na ukikaribia unaona kwamba mkono wa fundi haukuwa sawa kila mahali: jani moja nene kidogo, lingine limeegemea. Madirisha ya juu yana nakshi inayobadilika dirisha hadi dirisha, na jua lilipopenya, vivuli vya nakshi hizo vilianguka sakafuni mbele ya miguu yetu.

Adhuhuri tulikuwa Al-Azhar. Mji wa Cairo wenyewe ulianzishwa na Wafatimi mwaka 969, na msikiti huu ulianza kujengwa mwaka uliofuata, ukawa baadaye chuo kinachoheshimiwa na Waislamu dunia nzima. Masheikh wengi wa Uganda wamesoma hapa. Vijana wawili waliotusikia tukizungumza Kiswahili walitukaribia uani, wakatuambia kwamba ni wanafunzi kutoka Mbale na Iganga. Walimwamkia Mama kwa heshima, wakapiga magoti kama wangefanya nyumbani, naye akawapa baraka na pakiti ya karanga za kukaanga alizotoka nazo Bombo. Ibada, masomo, na mapumziko ya watu wasiokuwa na haraka vilikuwa vikiendelea pamoja katika ua uleule wenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Jengo la kale linalotumiwa bado lina uhai ambao kioo cha makumbusho hakiwezi kuutoa.

Jioni tulipita Bab Zuwayla, lango la mwaka 1092, tukaingia soko la Khan el-Khalili. Mama alipatana bei za vikombe vya shaba kwa Kinubi chake, ambacho asili yake ni Kiarabu cha askari wa Sudan. Muuzaji alishangaa, akamwelewa nusu, akampunguzia bei.

Jumanne: Alexandria

Barabara ya kwenda Alexandria ni ya kilomita 220 hivi, na baridi ya bahari ilitupata tukiwa na mavazi mepesi. Mji huu ulianzishwa na Alexander mwaka 331 kabla ya Kristo, lakini sehemu kubwa ya mji wake wa kale imo chini ya mitaa ya leo au chini ya maji. Hapo palipokuwa na mnara mashuhuri wa taa pamejengwa ngome ya Sultani Qaitbay ya mwaka 1477. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuona mnara huo mwaka 1326 ukiwa umebomoka upande mmoja, na aliporudi mwaka 1349 aliukuta umeharibika kiasi kwamba hakuweza kuingia. Ninapenda shahidi wa namna hiyo, mtu mmoja aliyefika mahali pamoja mara mbili na kusema wazi nini kimepotea katikati.

Maktaba mpya, iliyofunguliwa mwaka 2002, ina ukumbi wa kusomea wenye sakafu 11 zinazoteremka kama ngazi chini ya paa la kioo lililoinama kuelekea baharini, na ukuta wake wa nje ni wa itale ya Aswan iliyochongwa herufi za maandishi ya dunia. Walimu walitaka kubaki. Ratiba haikuruhusu, kwa sababu tulipaswa kuwahi treni ya usiku huko Cairo, nayo treni ilichelewa sana. Sitaki kuyarefusha hayo. Tulilala tumeketi.

Jumatano: Luxor, ukingo wa mashariki

Tulifika Luxor tumechoka, lakini Karnak iliuondoa uchovu. Ukumbi wake mkuu, kazi ya Seti I na Ramesses II, una nguzo 134, na zile 12 za katikati zina urefu wa takriban mita 21. Picha haziwezi kukuandaa kwa hilo, kwa kuwa nguzo zimekaribiana mno hivi kwamba huwezi kuuona ukumbi wote kwa mara moja. Unatembea, na kila hatua nguzo nyingine inajitokeza nyuma ya ile uliyokuwa ukiitazama. Mwalimu mmoja wa sanaa alituonyesha sehemu za chini ya mihimili ambako mvua na jua havikufika: rangi ya buluu na nyekundu bado ipo, safi kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeyafikiria mahekalu haya kuwa ya rangi ya mchanga, kumbe yalikuwa yakimeremeta kwa rangi kila mahali.

Jioni tulitembea hadi Hekalu la Luxor kwa njia ya sanamu za simba wenye vichwa vya watu na vya kondoo, njia ya kilomita 2.7 iliyofunguliwa tena mwaka 2021. Mbele ya hekalu kuna obeliski moja, yaani mnara uliochongwa katika jiwe moja. Pacha wake alipelekwa Ufaransa na amesimama katikati ya Paris tangu 1836, zawadi ya yuleyule Muhammad Ali ambaye msikiti wake una ile saa ya Kifaransa. Ndani ya hekalu kuna Msikiti wa Abu Haggag, uliojengwa wakati mchanga ulipokuwa umeyafunika magofu karibu nusu ya urefu wake. Mchanga ulipoondolewa, mlango wa zamani wa msikiti ulibaki ukining'inia juu ya vichwa vya watalii, na waumini wanaingia kwa upande mwingine. Tulikuwa uani adhana ya magharibi ilipoanza. Mahali hapa pamefanyiwa ibada tangu enzi za Amenhotep III, kisha Wakristo wakasali, kisha Waislamu, na sala zinaendelea mpaka leo. Wenzetu Waislamu walikwenda kuswali, sisi wengine tukawasubiri chini ya nguzo.

Alhamisi: Luxor, ukingo wa magharibi

Katika Bonde la Wafalme tiketi ya kawaida humruhusu mgeni kuingia makaburi matatu, na kaburi la Tutankhamun, ambalo Howard Carter alilifikia Novemba 1922, hulipiwa peke yake. Ni dogo. Ushauri wangu ni kulipia badala yake kaburi la Ramesses V na VI, ambalo dari lake linaonyesha mungu mke Nut akilimeza jua jioni na kulizaa tena asubuhi, mwili wake umenyooshwa kutoka mwisho mmoja wa chumba hadi mwingine.

Hekalu la Malkia Hatshepsut lina ukuta uliochongwa safari ya nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika. Zimechongwa nyumba zilizosimama juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi, mashua zinazopakiwa miti ya manemane yenye mizizi ndani ya vikapu, na nyani wanaotembea juu ya shehena. Kwa watu waliotoka kusini kama sisi, ukuta huo ulikuwa na uzito wa pekee, maana hapo wageni waliochorwa walikuwa majirani zetu, nao walichorwa wakiwa nyumbani kwao, na vitu vyao vikitafutwa kwa hamu.

Halafu tukafika Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba na kuchora makaburi yote hayo. Misingi ya nyumba zao bado ipo, nyembamba, zimegusana kuta, na ukisimama mlimani unaweza kuhesabu vyumba. Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III posho yao ya nafaka ilichelewa, wakaweka zana chini, wakaandamana hadi mahekalu ya wafalme, wakaketi na kusema wana njaa. Karani akaandika yote. Ni mgomo wa kwanza unaojulikana katika maandishi. Walimu wetu, ambao nao wamewahi kugoma kwa ajili ya mishahara, walimwomba mwongoza watalii aisimulie habari hiyo mara ya pili, na waliuliza jambo ambalo ndilo la msingi: je, walilipwa? Walilipwa, lakini ilibidi wagome tena.

Ijumaa: kuelekea Aswan

Siku ya basi. Edfu tuliliona Hekalu la Horus, lililohifadhika vizuri sana kwa sababu lilizikwa mchangani kwa karne nyingi. Kom Ombo tuliona mamba waliokaushwa. Niliyoandika zaidi siku hiyo ni yale ya njiani: mashamba ya miwa, punda, watoto wakitoka shule, na mto uliokaribia barabara na kuondoka.

Jumamosi: Aswan

Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa kuanzia 1960 hadi 1970 kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, nalo lina urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu. Mzee wa Jinja alitembea juu yake polepole, akitazama mitambo chini, halafu akauliza maji yanayofika hapo ni kiasi gani kutoka kwetu. Jibu liliwashangaza wengi: sehemu kubwa sana, karibu asilimia 85, hutoka nyanda za juu za Ethiopia, kwa kuwa maji ya Nile Nyeupe, tawi linalotoka kwetu, hupotea karibu nusu kwa mvuke katika vinamasi vikubwa vya Sudd huko Sudan Kusini. Lakini yetu huja mwaka mzima bila kukoma, na zamani ndiyo yaliyoushika mto miezi ya kiangazi.

Mahekalu ya kisiwa cha Philae yaliokolewa na UNESCO kati ya 1972 na 1980: maji yalizuiwa, mawe yakahesabiwa, yakahamishwa hadi kisiwa cha Agilkia, yakapangwa upya kwa ustadi ambao macho yangu hayakuweza kuugundua. Nahodha wa mashua iliyotupeleka ni Mnubi wa Aswan. Mama alimsalimia, nao wakazungumza, huyu kwa Kiarabu cha Misri na yule kwa Kinubi cha Bombo. Mama alimweleza kwamba watu wa Bombo wana asili ya makabila mengi ya Sudan Kusini na milima ya Nuba, kwa hiyo si ndugu wa damu na watu wa hapa. Nahodha akacheka, akamwita shangazi vilevile. Kisha akatueleza kwamba kijiji cha babu yake kiko chini ya ziwa. Bwawa la kwanza la Waingereza lilikamilika mwaka 1902 na kuongezwa urefu mara mbili, na kila mara watu wake walijenga upya juu zaidi mlimani. Bwawa Kuu halikuwaachia mlima. Katika miaka ya 1963 na 1964 Wanubi wapatao 50,000 wa Misri walihamishiwa karibu na Kom Ombo, mbali na mto, katika nyumba zilizopangwa kwa mistari, na wengine wapatao idadi hiyo walihamishwa upande wa Sudan. Alisema babu yake aliondoka na ufunguo wa mlango, na kwamba wazee na watoto wachanga wengi walikufa mwaka wa kwanza.

Tuliipitia Kom Ombo jana yake, tukatazama mamba waliokaushwa, na hakuna aliyetuambia kwamba watu hao wanaishi pale.

Jumba la Makumbusho la Nubia, lililofunguliwa mwaka 1997, linaeleza habari hizo kwa picha na kwa nyumba iliyojengwa upya. Usiku, hotelini, mazungumzo yalihamia kwetu. Maporomoko ya Ripon pale Jinja, ambayo mvumbuzi Mwingereza Speke aliyaona mwaka 1862, yalizama bwawa la Owen Falls lilipojengwa. Yale ya Bujagali, ambayo watu wa Busoga waliyaheshimu kama makao ya mizimu yao, yalizama kwa bwawa lililokamilika mwaka 2012. Mzee wa Jinja hakukubali tulipoanza kuyalaani mabwawa. Alisema hospitali na viwanda haviendeshwi kwa mishumaa, na ni kweli. Msimamo wangu ni huu: dunia ilikusanya fedha na wataalamu kuyahamisha mawe ya Philae kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu wa kiwango kilekile ungewezekana kwa watu, kama wangehesabiwa kuwa urithi.

Jumapili: Abu Simbel

Tuliamshwa saa tisa za usiku. Safari ni ya zaidi ya saa tatu jangwani, na magari ya watalii huondoka mapema ili kufika kabla ya jua kali.

Ramesses II alichimba mahekalu mawili ndani ya mwamba, na mbele ya lile kubwa akaweka sanamu zake nne zenye urefu wa mita 20. Kati ya 1964 na 1968 mahekalu yote mawili yalikatwa vipande vyenye uzito wa wastani wa tani 20, yakapandishwa mita 65 na kurudishwa nyuma mita 200. Mpangilio ulitunzwa ili mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari na Oktoba, miale ya jua la asubuhi ifike hadi chumba cha ndani kabisa na kuziangazia sanamu zilizoketi humo. Hekalu dogo ni la Malkia Nefertari, na mbele yake sanamu za malkia zina urefu sawa na za mfalme, jambo adimu katika sanaa ya Misri. Akina mama wa kikundi walipiga picha nyingi hapo kuliko kwenye lile kubwa.

Nilikaa pembezoni nikilitazama ziwa. Niliyafikiria Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda kule Kampala, yaliyoteketea Machi 2010, na miaka mingi iliyopita kabla hayajarudi katika hali yake. Kule, kazi ya kuezeka ni jukumu la ukoo wa Ngeye, na ujuzi huo haukutoka kwa mtaalamu wa mbali bali kwa wazee waliowarithisha vijana. Makaburi hayo yana watu wake. Abu Simbel ina walinzi na wauza vinyago, na vijiji vilivyoitazama kwa karne nyingi vimo chini ya maji yale ya buluu. Niliona uzuri wa mahali pale na upungufu wake kwa pamoja, wala kimoja hakikufuta kingine.

Jumatatu: Cairo na kurudi

Kutoka Aswan tulirudi Cairo kwa ndege. Saa chache zilizobaki zilikuwa zimepangiwa maduka ya mafunjo na manukato. Kikundi kikaomba kwa kauli moja kwenda kisiwa cha Roda, kwenye kipimo cha maji cha mwaka 861, kilichojengwa kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil. Ni shimo refu la mawe lenye ngazi zinazozunguka, na katikati imesimama nguzo ya marumaru yenye alama za dhiraa. Maji ya mto yaliingia kwa mifereji mitatu. Mafuriko yakifika dhiraa 16, mavuno yalitarajiwa kuwa mema na kodi ikatozwa kamili. Yakipungua, kodi ilipunguzwa, kwa maana njaa ilikuwa njiani. Kutani zimechongwa aya za Qurani zinazotaja mvua na mimea. Tangu Bwawa Kuu liyazuie mafuriko, nguzo hiyo haipimi kitu.

Mzee wa Jinja alishuka ngazi mpaka chini, akaweka kiganja kwenye nguzo. Halafu akatueleza kwamba kwa makubaliano ya mwaka 1949 kati ya Uingereza na Misri, mhandisi wa Misri aliwekwa Jinja kuangalia kiasi cha maji kinachoachiliwa bwawani, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa kijana kazini, aliwaona Wamisri hao wakiandika vipimo vyao. Wakati ule hakujua kwamba kazi yao ni ya zamani kiasi hiki.

Uwanjani, tukisubiri ndege ya Entebbe, tulipanga safari ijayo. Wengi walitaka Istanbul. Mzee alisimama kutetea Ethiopia: Bahir Dar, ambako Nile ya Buluu inatoka Ziwa Tana, kisha Gondar yenye majumba ya wafalme ya karne ya 17, kisha makanisa ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba. Hoja yake ilikuwa kwamba tumekwisha kuona chanzo kimoja na mwisho mmoja, na asilimia 85 ya habari bado hatujaisikia. Kura zilipopigwa, Ethiopia ilishinda, na Mama wa Bombo akateuliwa mweka hazina.